Mjusi wa Tendaguru alitembeaje? Jibu kwa mwalimu wa Lindi

"Shikamoo mtaalamu. Nafundisha darasa la sita mkoani Lindi. Darasani tuna bango la zamani linaloonyesha yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria wa shingo ndefu aliyechimbwa hapa Lindi, akiwa ziwani, maji yamemfika shingoni. Pembeni yake kuna dinosaria mla nyama amesimama wima, mkia unaburuta chini. Juzi mwanafunzi mmoja akabisha. Anasema kwenye simu ya kaka yake ameona dinosaria wakikimbiza gari na mikia iko juu. Nikakosa jibu. Nani yuko sahihi? Mnyama mzito kuliko tembo kadhaa alitembeaje nchi kavu bila kuvunjika miguu? Na mnajuaje mwendo wa mnyama ambaye hakuna mtu aliyemwona? La mwisho: kwenye korongo nyuma ya shule kuna jiwe lenye alama za vidole vitatu, na watoto wanasema ni nyayo za dinosaria. Je, tulichonge tulihifadhi ofisini?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la mwisho kwa kifupi kwa sababu haliwezi kusubiri: msilichonge. Sababu nitazitoa nikifika huko.

Kuhusu ubishi wa darasani, mwanafunzi wako amekushinda kwenye mkia, ila kwenye gari amekosea. Na mchoraji wa bango lenu msimlaumu. Alichora kile ambacho wataalamu wenyewe walikifundisha kwa miongo mingi, na baadhi yao walikitetea kwa ukali hata baada ya mifupa kuwaumbua.

Tuanze na miguu. Mtazame kenge akitembea: paja lake linatokea ubavuni, linakwenda pembeni kwanza, ndipo goti linakunja kuelekea chini, na kwa kila hatua kiwiliwili kinajinyonga kushoto na kulia. Mguu wa dinosaria haukuungwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja lake kimepinda kuingia ndani, kikakaa kwenye tundu la nyonga lililo wazi kabisa, unaweza kupitisha mkono hadi upande wa pili, na juu ya tundu hilo kuna ukingo mnene wa kupokea uzito. Mfupa wa namna hiyo ukijaribu kuutanua pembeni kama wa kenge, unachomoka. Unakubali kwenda mbele na kurudi nyuma tu, ukiwa umesimama chini ya mwili. Kifundo nacho kinakunjika kwa mwelekeo huohuo mmoja, na uzito unaangukia vidole, kisigino kikiwa juu. Ukitaka kuona mguu wa jamaa hiyo ukiwa hai, mtazame kuku wa hapo nyumbani. Ndege ni tawi la dinosaria lililonusurika, kwa hiyo hapo si mfano tu, ni ukoo.

Haya hayakukubalika kirahisi. Mwaka 1908 Berlin ilipokea nakala ya mifupa ya Diplodocus, dinosaria wa Marekani mwenye shingo ndefu. Mwaka uliofuata Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama wa hukohuko Berlin, akadai kwamba waliomsimamisha wamekosea, kwamba mnyama yule alitambaa na miguu imetanuka kama mamba. William Holland wa Pittsburgh akamjibu kwa kejeli: mbavu za mnyama huyo ni ndefu mno, akitanua miguu hivyo kifua kinagusa chini, kwa hiyo atahitaji kuchimbiwa mtaro kila anakokwenda. Hoja ikaishia hapo, ingawa haikufa yote. Mjusi wenu wa Tendaguru, ambaye kitaalamu anaitwa Giraffatitan, alipounganishwa Berlin mwaka 1937 alisimamishwa na miguu ya mbele imekunjwa viwiko nje. Ilibidi kungoja hadi 2007 ndipo akaunganishwa upya, miguu ikanyooshwa na mkia ukainuliwa. Leo ana kimo cha zaidi ya mita 13.

Sasa uzito, maana hapo ndipo swali lako lina nguvu kweli. Mnyama akikua mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nane. Lakini nguvu ya mfupa inategemea ukubwa wa mkato wake, yaani eneo utakaloliona ukiukata kwa msumeno, na eneo hilo limeongezeka mara nne tu. Kwa hiyo kila sentimita mraba ya mfupa sasa inabeba mzigo maradufu. Misuli nayo ina tatizo hilohilo. Ndiyo sababu panya anaweza kuishi na magoti yaliyokunjwa muda wote, ilhali tembo hawezi.

Wafanyie wanafunzi jaribio dogo. Wasimame wima dakika mbili, hakuna atakayelalamika. Kisha wakunje magoti kana kwamba wanakalia kiti ambacho hakipo, dakika mbili hizohizo. Kabla ya dakika ya kwanza kwisha mapaja yatakuwa yanatetemeka. Uzito wao haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mguu ulionyooka unabebesha mzigo mifupa, na mguu uliokunjwa unaibebesha misuli. Dinosaria wa shingo ndefu walichagua njia ya kwanza: miguu minene, iliyonyooka, mifupa imepangana juu kwa chini. Mfupa wa mkono wa juu wa Giraffatitan pekee una urefu wa zaidi ya mita 2. Chini ya mguu wa nyuma palikuwa na mto mnene wa nyama wa kutawanya uzito, kama tunavyoona kwenye nyayo zao.

Halafu kuna jambo ambalo bango haliwezi kuonyesha: mnyama yule alikuwa mwepesi kuliko anavyoonekana. Pingili za shingo na mgongo wake zina mashimo na vyumba vilivyojaa hewa, vikiunganishwa na vifuko vya hewa vilivyotoka kwenye mapafu, kama walivyo ndege. Mwaka 1962 Edwin Colbert alimkadiria kuwa na tani 78. Makadirio ya siku hizi mengi yako kati ya tani 23 na 40. Pengo hilo lisikutie shaka kwamba tunabahatisha. Inategemea ni nyama kiasi gani unaiweka juu ya mifupa na hewa kiasi gani unaiacha ndani, na leo tuna sababu nzuri za kuacha hewa nyingi.

Ziwani basi aliwekwa kwa nini? Kwa sababu waliamini tani zile zote haziwezi kubebwa na miguu, lazima maji yasaidie, na pua zilizo juu ya kichwa zikafanywa bomba la kupumulia. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alipiga hesabu rahisi. Kifua kikiwa mita 6 chini ya maji, kila sentimita mraba ya kifua hicho inasukumwa na zaidi ya nusu kilo. Zidisha kwa eneo la kifua kizima. Mapafu hayawezi kutanuka dhidi ya mzigo huo huku yakivuta hewa ya kawaida kutoka juu. Mnyama wa bango lenu angekosa pumzi hapohapo alipochorwa.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni nyayo. Mwaka 1938 Roland Bird, mkusanyaji wa makumbusho ya New York, alifika kwenye mto Paluxy huko Glen Rose, Texas, akakuta njia nzima ya nyayo za dinosaria wa shingo ndefu, pamoja na nyayo za vidole vitatu za mla nyama. Nyayo zenyewe zimezama sawasawa, za mnyama aliyekanyaga kwa uzito wake wote. Miguu ya kushoto na kulia iko karibukaribu, haikuachana sana kama ya mnyama anayetambaa. Na katikati hakuna mfereji wa mkia. Hilo la mwisho lilionekana tena na tena katika nchi nyingine: maelfu ya njia za nyayo duniani, na alama za mkia ni nadra sana. Mnyama mwenye mkia wa mita kadhaa anayeuburuta hawezi kupita kwenye matope bila kuacha mchirizi.

Basi mkia ulikuwa hewani, na haukuwa pambo. Kwa dinosaria wa miguu miwili ulisawazisha kichwa na kifua, nyonga ikiwa katikati. Zaidi ya hapo, ulikuwa sehemu ya injini. Kuna msuli mnene unaoanzia ubavuni mwa mkia, unapita chini ya nyonga na kujishikiza nyuma ya mfupa wa paja. Ukikaza, paja linavutwa nyuma na mwili unasukumwa mbele. Mamba na mijusi wanao hadi leo. Kwenye paja la dinosaria wengi kuna kinundu cha mfupa ambacho msuli huo ulijishikiza, na ukikishika kwa vidole unaona jinsi kilivyo kikubwa, maana mfupa hauoti nundu bila kuvutwa.

Ndege walipopoteza mkia mrefu, msuli huo ulisinyaa na uzito ukahamia mbele, ndiyo maana kuku anatembea paja likiwa limelala karibu mlalo, kazi kubwa ikifanywa na goti. Mwaka 2014 watafiti wa Chile walilea vifaranga wakiwa wamefungwa mkia wa bandia, na wakikua wanabadilishiwa mkubwa zaidi. Walipokomaa walisimama na paja lililoshuka zaidi, na likawa linafanya kazi kubwa zaidi katika kila hatua. Picha zake zinachekesha, lakini jaribio ni la maana.

Na yule aliyesimama wima kama kangaruu? Mkao huo ulipata umaarufu Ubelgiji, baada ya mifupa ya Iguanodon, dinosaria mla majani, iliyotoka kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Bernissart mwaka 1878 kuunganishwa. Ili mkia ulale chini na mwili usimame, mkia lazima upindwe kwa nguvu karibu na shina lake. David Norman alipoipitia mifupa hiyo upya mwaka 1980, alionyesha kwamba mkia ule haukuweza kupinda hivyo bila kuvunjika. Ulikuwa umekazwa na kano zilizogeuka mfupa, zimepangana kando ya uti wa mgongo. Walioisimamisha waliona kano hizo kwa macho yao, wakaendelea tu.

Sasa mwendokasi. Hapa naomba uchukue chaki. Mwaka 1976 R. McNeill Alexander, mtaalamu wa wanyama wa Leeds, Uingereza, alichapisha kanuni ya kukisia kasi kutokana na nyayo. Wazo alilichukua kwa William Froude, mhandisi wa meli wa karne ya 19. Froude alihitaji kujua meli kubwa itakavyokwenda kwa kutazama meli ndogo ya mfano. Alexander alipima wanyama wa maumbo tofauti pamoja na watu, akaona kwamba ukilinganisha urefu wa hatua na kimo cha nyonga, mdogo na mkubwa wanafuata mstari mmoja.

Tuseme una unyayo wa vidole vitatu wenye urefu wa sentimita 30. Nyonga inakisiwa kuwa juu mara nne ya hapo, yaani mita 1.2. Pima kutoka mguu wa kushoto hadi unapokanyaga tena mguu huohuo wa kushoto. Ukipata mita 1.5, kanuni inatoa kilomita 4.5 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Ukipata mita 2.4, ni karibu kilomita 10. Ukipata mita 4, umeingia kwenye mbio za kilomita 23 kwa saa. Kipimo cha haraka: hatua ikiwa chini ya mara mbili ya kimo cha nyonga, mnyama anatembea, ikikaribia mara tatu au kuzidi, anakimbia.

Njia nyingi za nyayo tulizonazo ni za wanyama wanaotembea. Si ajabu. Hata swala unayemwona akikimbia kwenye televisheni hutumia sehemu kubwa ya siku akitembea polepole. Lakini mbio zipo. Katika mawe ya La Rioja, Hispania, watafiti walichapisha mwaka 2021 njia mbili za wala nyama wa ukubwa wa kadiri, na moja inakisiwa kati ya kilomita 31 na 44 kwa saa. Hiyo ya juu ni karibu sawa na kasi ambayo Usain Bolt aliifikia Berlin mwaka 2009, kwa kipande kifupi, tena akiwa na viatu.

Namba hizo zichukuliwe kwa kiasi. Kimo cha nyonga kimekisiwa, na matope yanaharibu umbo la unyayo. Watafiti wamewatembeza kanga kwenye matope laini na kulinganisha kasi yao halisi na ile ya kanuni, na kanuni mara nyingi ilitoa kasi kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo mtu akikuambia dinosaria fulani alikimbia kilomita 37.4, mshukuru kwa ile 37 na uisahau ile nukta 4.

Kuhusu gari: yule mla nyama wa kwenye filamu ni Tyrannosaurus wa Amerika Kaskazini, mwenye uzito wa tani 7 au zaidi. Mwaka 2002 John Hutchinson na Mariano Garcia walihesabu kwamba ili akimbie kwa kasi kubwa, misuli ya miguu ingelazimika kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mwili wake, jambo lisilowezekana, maana tumbo na kichwa vingekaa wapi? Walimwachia kati ya kilomita 18 na 40 kwa saa. Mwaka 2017 William Sellers na wenzake walitazama mifupa badala ya misuli, wakaona kwamba angejaribu kukimbia kweli, akiwa na miguu yote miwili hewani, mifupa ya miguu ingeelemewa. Wakamwekea mpaka chini ya kilomita 30. Uholanzi nako walikokotoa mdundo wa asili wa mkia wake ukipanda na kushuka, wakapata mwendo wa kawaida wa kilomita 4.6 kwa saa. Bodaboda ya gia ya pili ingemwacha. Binafsi nadhani hakuhitaji zaidi, kwani mawindo yake makubwa nayo yalikuwa mazito.

Mjusi wenu wa Tendaguru hakukimbia kabisa. Mnyama wa ukubwa ule akianguka tu ameumia vibaya, na nyayo za jamaa zake zinaonyesha mwendo wa mtu au chini kidogo. Lakini majirani zake katika mawe hayohayo, ya miaka kama milioni 150 iliyopita, ni habari nyingine. Elaphrosaurus ana mfupa wa muundi mrefu kuliko wa paja, umbo la mkimbiaji, kama mbuni. Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, hakuwa wa mbio, alikuwa wa kugeuka. Heinrich Mallison alimchunguza kwa kompyuta akaonyesha kwamba, akikanyaga imara na kutanua miguu ya mbele, angeweza kuupiga mkia wake kwenye karibu nusu duara nyuma yake. Wafundishe watoto wako huyu kwanza, kabla ya yule wa Marekani. Mifupa yake ilichimbwa na babu zao. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa miguu, vichwani na mabegani, kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Bango lenu halimtaji, bila shaka.

Watakuuliza pia kama waliogelea au kuruka. Wale wenye mabawa ya ngozi na wale wa baharini wenye mapezi hawakuwa dinosaria, walikuwa koo nyingine. Dinosaria walioruka ni wale wa upande wa ndege. Kuhusu Spinosaurus wa Afrika Kaskazini, mwenye mkia mpana kama kasia, wataalamu bado wanabishana kama alipiga mbizi au alivua ukingoni tu.

Sasa jiwe lenu. Sijaliona, na kwa maelezo pekee hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekuambia ni nini. Mvua na mmomonyoko vinaweza kuchonga alama za vidole vitatu, na mipasuko ya mwamba hudanganya hata wazoefu. Tazama kwanza kama ni mwamba wa matabaka, wa mchanga au tope lililogeuka jiwe. Granaiti haina nyayo. Kisha tafuta alama ya pili na ya tatu, zikipishana kushoto na kulia kwa umbali unaofanana. Alama moja ni shaka, tatu zilizofuatana ni habari. Na hapo ndipo ilipo sababu ya kutochonga: unyayo uliotolewa mahali pake umepoteza hatua, na bila hatua hakuna mwendo wa kupima. Umebaki na jiwe la kushikilia mlango.

Piga picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli ndicho kinachoonyesha kina. Weka rula kando ya alama. Piga nyingine ukiwa mbali, korongo lote lionekane, na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Msipake chaki, msimwage plasta, msikwangue tope kwa panga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku pamoja na alama zake, na kuchimba kunahitaji kibali. Kwa hiyo mjulishe mwenyekiti wa kijiji, halafu peleka picha kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, uombe mtu aje aone kwa macho. Akitokea mnunuzi kabla yao, hata awe na barua yenye mihuri, mwelekeze kwa idara hiyohiyo. Fanya yote haya kabla ya masika: korongo likijaa, maji yanaweza kulipindua jiwe au kulifukia, na picha zako ndizo zitakazomwonyesha mtaalamu pa kuanzia.